Siku Baba Alipomnyima Kura Baba Mdogo

Nikisikia chuma kikigongwa, hata kwenye gereji za mjini ninakoishi sasa, masikio yangu husimama kama ya mbwa. Kwetu chuma hicho kilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi nyuma ya ofisi ya kijiji. Mgambo aliipiga kwa kipande cha nondo, na sauti yake ilipita juu ya migomba, ikashuka bondeni kwenye chemchemi, ikarudi kutoka kilima cha pili ikiwa imepoa kama uji. Mipigo ya haraka ilimaanisha moto au mwizi. Mipigo ya taratibu ilimaanisha mkutano. Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa, na hata ile ya taratibu ilinikimbiza hadi mlangoni.

Asubuhi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya mwishoni mwa mwaka 2014. Mvua zilikuwa zimeanza, maharage yametoa majani mawili mawili, na njia zote zilinuka udongo mwekundu na mavi ya mbuzi. Chama kilikuwa kinachagua mtu wa kugombea uenyekiti wa kitongoji chetu, kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Upande wa pili haukuwa umesimamisha mtu, kwa hiyo atakayeshinda siku hiyo ndiye angekuwa mwenyekiti wetu, na kila mtu alilijua hilo. Wagombea walikuwa wawili: Bwana Ezekieli mwenye mashine ya kusaga, na Filemoni, mdogo wake baba.

Mimi nilimwita Filemoni baba mdogo. Wapo waliosema nilipaswa kumwita shangazi.

Haikuwa siri, na naomba msisome mkidhani kuna siri itakayofichuliwa mbele. Kitongoji kizima kilijua kwamba bibi alimzaa akaambiwa ni msichana, akampa jina la kike, akamvika gauni. Walijua kwamba akiwa kijana aliondoka kwenda Manyovu, akapakia na kupakua malori mpakani miaka kadhaa, kisha akarudi amevaa suruali, nywele zimekatwa, na jina jipya ambalo alilitaja kwa kila aliyemsalimu, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Nasikia bibi alimtazama mlangoni kwa muda mrefu, akamwambia aingie ale kabla ugali haujapoa. Majirani walipokuja kumpa pole, aliwajibu, "Mimi nilizaa mtu. Mengine atayajua mwenyewe."

Neno ambalo watu hulitumia siku hizi kwa mtu kama yeye sikulijua. Nililikuta miaka mingi baadaye kwenye simu, nilipokuwa najisomea kila nilichokipata, kama nilivyojisomea zamani magazeti yaliyofungiwa sukari. Nyumbani tulikuwa na neno moja tu, baba mdogo, na lilitutosha. Halikuwatosha wote. Kanisani alikuwa anaimba sauti ya kwanza utotoni. Aliporudi aliambiwa apumzike kwaya kwanza. Alipumzika. Alikaa benchi la mwisho upande wa wanaume akaimba kutoka hapo, kwa sauti nzito ya kujifunza, na baada ya muda watu wa benchi lile wakaacha kusogea.

Kilichomwingiza kwenye siasa ni mbuzi. Kwetu mbuzi walizurura. Walikula maharage ya wajane, wakashuka kwenye chemchemi wakanywa na kuchafua, na watoto wadogo wakaharisha. Baba mdogo alianza kusema hadharani kwamba mbuzi wafungwe kamba na chemchemi izungushiwe ukuta wa matofali, ambayo angeyafyatua yeye mwenyewe. Mtu mwenye mbuzi wengi kuliko wote kitongojini alikuwa baba yangu, Mzee Zakaria.

Waligombana kila jioni, wakiwa kwenye benchi moja.

"Mbuzi akifungwa anakonda," baba alisema.

"Kaka, mbuzi wako hawajawahi kukonda. Wanakula shamba la mama Skola."

"Mama Skola azungushie shamba lake."

"Azungushie kwa kitu gani, kwa kanga?"

Baba hakucheka, ila alimsogezea sahani ya maharage. Ndivyo walivyokuwa.

Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilijipa kazi ya kumfundisha baba mdogo hotuba. Hakuna aliyeniomba. Niliamini, na nikisema ukweli bado naamini siku nyingine, kwamba mtu akisema kila kitu bila kosa hata moja, hakuna atakayepata mahali pa kumcheka. Kosa lilikuwa kama tundu kwenye nguo. Watu wangeingiza kidole na kuchana. Basi jioni alipokuwa akifyatua matofali bondeni nilisimama mbele yake na kumkaririsha hotuba yote, kuanzia "Ndugu wanachama wenzangu" hadi "ahsanteni kwa kunisikiliza". Alikuwa na matope hadi kwenye viwiko. Kiswahili chake kilikuwa na Kiha ndani yake, kama cha sisi wote, lakini nilikikata kama anayekata kucha.

"Si 'mbuzi yetu', baba mdogo. Ni 'mbuzi wetu'."

"Mwalimu, mbuzi mwenyewe hajalalamika."

"Msimamizi wa kura anatoka Mbeya. Atalalamika."

Alirudia. Alirudia kila sentensi niliyomtaka arudie, huku akinyanyua kibao cha tofali, na usiku nilikesha nikimsikilizia kichwani ni wapi atateleza.

Rimu ilipolia asubuhi ile, sisi watoto tulipanda kwenye tuta la uwanja wa shule kutazama. Msimamizi kutoka kata alikuwa mwalimu aliyehamishiwa kwetu muda si mrefu, mtu mpole mwenye mwavuli mweusi na viatu vilivyokuwa vimekata tamaa na tope letu. Alieleza utaratibu. Kila mgombea atazungumza dakika tano. Kisha wagombea watasimama wakitazama ofisi, bila kugeuka, na wanachama watapanga mstari nyuma ya wamtakaye. Mstari mrefu ndio ushindi.

Bwana Ezekieli alizungumza vizuri. Alisema mbuzi ni mali ya mtu na mali ya mtu haifungwi kamba na serikali. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Kisha akaitwa baba mdogo.

Nilishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu nami, sijui alikuwa nani. Baba mdogo alivaa shati jeupe ambalo bibi alilipiga pasi ya mkaa. Alisogea mbele. Akaanza kusalimu.

Msomaji wa kwingine huenda hajui salamu zetu. Hazipungi mkono zikapita. Alianza na wazee waliokaa kwenye magogo, akainama, akapiga makofi ya taratibu, "Mwakeye," nao wakapiga makofi, "Mwakeye." Akauliza habari za waliolala nyumbani, mifugo, mvua ya jana. Akageukia kina mama waliokaa nyasini, akaanza upya. Kina mama wakamjibu na wao wakamuuliza ya kwetu, maana si adabu kuulizwa bila kuuliza. Akamkumbuka mzee mmoja aliyefiwa na mke wiki ile, akamwendea alipokaa, akamshika mikono miwili. Akarudi katikati, akapangusa uso, akasema, "Ndugu wanachama wenzangu..."

"Muda umekwisha, ndugu mgombea," alisema msimamizi kwa upole, akitazama saa yake.

Baba mdogo aliwageukia wazee kwenye magogo. Kisha akasema kwa haraka, "Mbuzi yetu ifungwe. Basi."

Watu waliangua kicheko. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Hotuba yote ilikuwa imebaki tumboni mwake, na sentensi pekee iliyotoka ilikuwa ile yenye kosa.

Hapo ndipo Jumanne wa bodaboda, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake, alipaza sauti. "Mwalimu! Huyo mbona anagombea kama mwanaume? Huyo ni dada'ake Mzee Zakaria!"

Kicheko kilikatika. Msimamizi alitazama karatasi zake, akamtazama baba mdogo, akachanganyikiwa kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Hakuwa na ubaya. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alisema kwa sauti ya kusaidia, "Kama ndivyo, mbona jambo ni jepesi? Nafasi za wanawake kwenye halmashauri ya kijiji hazijajaa. Ndugu Filemoni, ukihamia huko unapita bila kupingwa, leo hii hii. Uenyekiti muachie Bwana Ezekieli."

Nilitarajia akubali. Nawaambia kama ilivyokuwa: nilimwombea akubali. Kiti cha hakika, bila mstari, bila kuchekwa. Mama mmoja alimwambia, "Chukua, mwanangu, ni kiti vilevile."

Baba mdogo alitikisa kichwa kukataa. "Mwalimu, nashukuru. Kiti hicho ni cha kina mama, nao wapo. Mimi nikikikalia nitakuwa nimedanganya wao na mimi. Nimeomba huu. Nikishindwa, nishindwe kwa huu."

Nilijua, kama wote nyumbani walivyojua, kwamba alikuwa ameshamwambia bibi kuwa wakimkataa kwa sababu ya mwili wake atakwenda tena Manyovu, na safari hii hatarudi nyumbani.

Msimamizi alisugua paji la uso. Akamtafuta baba kwa macho. "Mzee Zakaria ni nani?"

Baba alisimama. Alikuwa mtu mfupi, na kofia yake ilikuwa kubwa kuliko kichwa.

"Mzee, huyu mgombea ni nani wako?"

"Mdogo wangu."

"Mdogo wako wa kike au wa kiume?"

Baba alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Mwalimu," alisema, "watoto wangu wanamwita baba mdogo. Wewe umetoka Mbeya kuja kuwafundisha watoto wangu ukoo wao?"

"La, mzee, sina maana hiyo..."

"Basi ni baba yao mdogo. Ni mdogo wangu wa kiume. Andika hivyo." Akakohoa. "Lakini kura yangu hapati. Atatufungia mbuzi."

Uwanja ulipasuka. Wazee walijipiga mapaja. Hata msimamizi alicheka hadi mwavuli ukamponyoka, na Jumanne akatazama tairi la pikipiki yake kama limeanza kuvuja. Wagombea wakageukia ofisi, migongo kwetu, na watu wakaanza kutembea.

Bibi alitangulia. Alikuwa na fimbo, akatembea uwanja mzima peke yake, akasimama nyuma ya baba mdogo na kuegemeza mkono mgongoni kwake. Baba mdogo hakuruhusiwa kugeuka, lakini niliona mabega yake yakishuka. Akafuata mama Skola. Wakafuata kina mama wa mashamba ya bondeni, na yule mzee mfiwa. Mstari wa Bwana Ezekieli nao ulikuwa unakua. Na baba yangu, bila kusitasita, akaenda akasimama kwenye mstari wa Bwana Ezekieli, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusaga mahindi.

Nililia palepale kwenye tuta. Mistari ilikaribiana hadi msimamizi akalazimika kuihesabu mara mbili. Baba mdogo alipita kwa watu wachache. Walimbeba juu juu, shati jeupe likapata tope, na mimi bado nililia. Nilipomfikia nilimshtakia papo hapo, "Baba hakusimama kwako! Nilimwona!"

"Najua," alisema. "Nilimsikia akisema." Na alikuwa anacheka, macho yamejaa maji, kwa furaha ambayo sikuielewa. Jioni ile walikula sahani moja kama kawaida. Mimi sikumsemesha baba hadi Jumapili.

Chemchemi ilipata ukuta wake. Mwaka uliofuata, mabasi yalipoanza kupita yakiwapeleka wakimbizi wa Burundi kwenye kambi ya Nyarugusu, mwenyekiti wetu ndiye aliyetupanga barabarani na ndoo za maji ya ile chemchemi, akiwasalimu walioshuka kwa makofi na kuuliza waliolala, na wao wakamjibu kwa lugha karibu ileile. Baadaye aliomba udiwani. Alishindwa kwenye kura za chama. Wapo waliomkataa kwa mwili wake, siwafichi. Lakini wengi, walipoulizwa, walisema ni mkali mno kwenye mambo ya mifugo. Alirudi nyumbani amechoka, na nilishangaa kumwona ana amani. Mpaka naandika haya hajahamia Manyovu.

Kwa muda mrefu nilidhani siku ile baba alimpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Mimi nilitaka asiwe na kosa ili apendwe. Nilichelewa kuona kwamba wengi uwanjani walikuwa wameshampenda kabla ya hotuba, na kilichobaki kilikuwa ubishi tu. Baba angesimama nyuma yake kwa huruma, mbele ya kijiji kizima, baba mdogo angebaki mtu wa kuhurumiwa hata akishinda. Badala yake alimpinga kama mwanamume anavyompinga mwanamume mwenzake, kwa sababu ya mbuzi, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba hakuna atakayempinga kwa sababu nyingine. Nilimuuliza baba juzi kama alikusudia hivyo. Alisema hakumbuki, na kwamba mbuzi wale kweli walikonda.