Punje Zilizoondoka Saa Kumi

Kosa langu la kwanza katika uigizaji lilikuwa kuomba kikundi chetu kiwe cha mwisho. Kazi hii nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na nilijiaminisha kwamba kilicho bora huwekwa mwisho.

Shindano lilifanyika katika ukumbi wa kanisa, Githongo. Waamuzi walikuwa watazamaji. Mlangoni kila mtu alipewa punje moja ya harage, na akitoka aitie katika mkebe wa kikundi alichokipenda. Washindi wangepewa ukumbi huo kwa mazoezi mwaka mzima. Tuliuhitaji mno, kwa sababu kiwanda cha kahawa kilikuwa kimetuambia tutoke kwenye banda lake kabla ya mavuno.

Ilipofika saa kumi tulikuwa bado nyuma ya pazia. Wamama wakaanza kuinuka, safu baada ya safu. Saa ya kukamua ng'ombe. Nilikimbia mlangoni.

"Mama, kaa kidogo, tunaanza sasa hivi."

"Kijana, enda unikamulie ndio nikae."

Walicheka wote. Punje yake ikalia ndani ya mkebe wa kikundi cha Runyenjes, waliocheza mlevi aliyepotelewa na suruali.

"Lakini hamjatuona!"

"Kwani ni mimi nilisema mkuje mwisho?"

Tuliigiza mbele ya viti vitupu. Ukurasa wa mwisho, ambao nilikuwa nimeuandika upya hadi waigizaji wakanichukia, ulisikika vizuri sana katika ukumbi ule mtupu. Nilimwambia mwenyekiti wa shindano kwamba huu ni wizi.

"Wizi gani? Kila mtu alikuwa na harage lake."

Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Mtu anahukumu vipi mchezo ambao hajauona? Na kikundi cha Runyenjes hakijarudi kufanya mazoezi hata mara moja. Kutoka kwao ni mbali. Ukumbi una kufuli. Ninapita hapo nikienda dukani, na natamani kuivunja. Lakini kinachonichoma zaidi ni kwamba nyumbani tuna ng'ombe. Nakamua mwenyewe tangu nikiwa shule ya msingi, na saa ile sikuikumbuka.

Banda tulinyang'anywa. Siku hizi tunafanyia mazoezi uani kwa mama yangu, mvua ikija tunaacha, na waigizaji wawili wameshaondoka. Mchezo nimeukata ukabaki nusu. Kabla ya kukubali mwaliko wowote, nauliza kwanza watu wa hapo hukamua saa ngapi.