Kilio Nilichokiwahisha Morotonga

Jambo hili hata mdogo wangu aliyebaki Sirari halijui, na leo naliandika kwa mkono huu wa mtu aliyeishia darasa la pili, kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu. Nililia msiba kabla ya wakati wake, mbele ya wakwe wa watu.

Nilihamia Morotonga kumfuata binti yangu, muuguzi, alipopangiwa kazi huku, ili nimlelee watoto. Kule Sirari nilikuwa mtu, nikipita shikamoo zinanifuata mpaka kwa wabadilisha hela. Huku nilisalimiwa vizuri tu, lakini habari sikupewa. Nikifika kisimani wanawake wanakata maneno, wanaanza kuulizana kama mvua itanyesha (mimi si mtoto, najua mazungumzo yaliyokatwa). Mmoja tu ndiye aliyekuja kwangu, Bibi Bhoke, mzee mwenzangu, alinijia na kibuyu cha maziwa ya mgando akakaa mpaka jua likashuka.

Msiba wa kwanza nilioenda nilichelewa, maana niliambiwa wa mwisho, na nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Mgeni anafika ugali ukipakuliwa." Wakacheka. Lile neno lilinikaa.

Basi asubuhi moja binti yangu akarudi kutoka zamu ya usiku, akaniambia Bibi Bhoke amefariki alfajiri wodini kwao, akaenda kulala. Hapo ndipo nilipokosea. Ningebisha kwa jirani niulize tunakwenda saa ngapi, kama mtu mwenye akili, lakini nikasema moyoni leo sisubiri kuambiwa na mtu, leo nitakuwa wa kwanza. Nikafunga khanga kiunoni nikatoka.

Kwetu msiba unauingia na kilio, husalimii mtu. Nilianza barabarani, nikilitaja jina lake, na nilipoona turubai limefungwa na viti vimejaa nikajua wameniwahi tena, ndiyo nikaongeza sauti, nikaingia uani, nikajitupa chini mbele ya wazee waliokaa kwa mstari, namuuliza Bibi Bhoke ameniachia nani.

Hakuna aliyenipokea kilio. Ukilia msibani wenzako wanakupokea, na mimi nilikuwa nalia peke yangu. Nikainua kichwa. Wazee wale walikuwa wamevaa makoti, sura ngeni zote, na nje ya zizi walisimama ng'ombe ambao sijawahi kuwaona pale. Ilikuwa mahari ya Ghati, mjukuu wa Bibi Bhoke.

Mzee mmoja wa wale wageni, watu wa Nyambureti, akauliza polepole, "Huyu mama anamlilia nani?"

Baba yake Ghati akaangalia chini. Nikajibu mimi, maana hata hapo nilikuwa sijaelewa, "Namlilia bibi wa hapa. Amefariki alfajiri."

Kumbe Bibi Bhoke kabla hajapelekwa hospitali alimwagiza mwanawe kwamba akiondoka duniani asilie mtu mpaka ng'ombe wa Ghati waingie zizini. Asubuhi ile nyumba zote zilipitiwa zikaambiwa, hata muuza mkaa aliambiwa. Kwangu hakupita mtu.

Yule mzee akasimama. Akasema hawawezi kuingiza mahari kwenye boma lenye msiba, na zaidi ya hilo, hawajui ni mangapi mengine wamefichwa. Wakawageuza ng'ombe. Ghati alikuwa mlangoni na gauni lake jipya, ananitazama. Hakulia. Afadhali angelia.

Mama yake akaninyanyua kwa mkono. "Mama, ulishindwa hata kuuliza?"

"Ningemuuliza nani?"

Akaniachia mkono.

Sikukimbia. Siku zote za msiba nilikaa pale nikisugua masufuria, na neno pekee nililoambiwa ni "pisha". Siku ya kumzika mwenzangu sikutoa sauti, nilifumba mdomo kama mtu anayeumwa jino, na kilio changu chote kilikuwa kimeshakwisha siku isiyo yake.

Zikapita wiki nyingi. Kila nilipomwona Ghati amebeba maji nilibadilisha njia. Kisha alasiri moja nikasikia hodi, ni mama yake. Nikajiandaa kutukanwa, na ningenyamaza, maana ilikuwa haki yake. Akakaa.

"Wamekubali," akasema. "Ng'ombe wanarudi Alhamisi. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

Halafu akasogeza kiti, akapunguza sauti, akaniambia na jambo jingine la nyumba ile, dogo tu, ambalo wageni hawakutakiwa kulisikia mpaka ng'ombe wawe ndani. Sitaliandika hapa.

Alhamisi hiyo nilibisha nyumba tatu kuuliza saa ya kwenda, na ndivyo nitakavyofanya mpaka na mimi nililiwe. Nikakaa jikoni na wenzangu. Yule mzee wa Nyambureti akanitambua, akaja taratibu mpaka mlangoni, akaniuliza kama leo kuna lolote analopaswa kujua.

Wanawake wote wakaacha kumenya ndizi.

"Mimi mgeni hapa, baba," nikamwambia. "Sijui habari za watu."