Nywele Nilizozitia Mferejini

Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilijaribu kumtia mtu mzima wazimu, tena nikiwa nimevaa sare ya shule. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihurumie bure. Ilikuwa mwaka 2016. Tuliishi Troyeville, Joburg, mimi, Mama na Bibi, katika fleti ya vyumba viwili iliyonukia mafuta ya nywele kuanzia mlangoni.

Mama alikuwa msusi. Wanawake wa Kikongo wa kanisani kwetu walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kuja kusukwa sebuleni, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na kwa sababu alikuwa na utaratibu wake. Akimaliza, aliokota kila unywele uliodondoka na uliobaki kwenye kitana, akazifunga zote katika kipande cha gazeti, kisha akampa mteja uzi mweusi ili apige fundo kwa mkono wake mwenyewe. "Chukua kichwa chako," alimwambia. Mteja alikwenda kuzichoma kwake. Kwa watu wetu wa Bukavu nywele si takataka, anayezipata amekupata wewe.

Bibi alijua lililo baya zaidi. "Nywele zikienda na maji," alisema huku akichambua sombe, yale majani ya muhogo, "akili inazifuata. Mwenye kichwa atazungukazunguka barabarani, hatajua hata jina yake." Nilimuuliza kama hata maji ya Joburg yanaweza kufanya hivyo. Akanitazama kwa mshangao na kusema maji ni maji.

Mama Divine ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama. Siku moja alisukwa kwetu, akapiga fundo lake, mara gari lililomfuata likapiga honi chini, akakimbia na kuliacha furushi lake juu ya rafu. Mama akaliweka ndani ya kopo la sukari amtunzie. Wiki ileile Mama Divine akaenda ofisi ya wakimbizi, makaratasi yake yakakataliwa. Leo naielewa hofu yake. Lakini badala ya kupanda ngazi zetu na kudai furushi, alisimama katikati ya maombi akasema kwamba Mama Neema, yaani mama yangu, anaficha nywele za watu na kuzipeleka kwenye ule mfereji wa mawe wa bondeni, ndiyo maana mambo ya watu hayaendi.

Mama hakuwahi hata kuukaribia mfereji ule. Lakini wateja hawakuuliza. Kufikia wiki ya pili kiti cha kusukia kilikuwa kitupu kutwa nzima. Siku moja tuliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, mwanamke aliyekuwa akila kwetu kila Jumamosi alijivutia kitambaa mpaka kwenye nyusi, kisha akavuka barabara taa ikiwa bado nyekundu, ili mradi asisimame karibu na mama yangu. Mwishowe mchungaji akamwita Mama aje kujieleza Jumapili, baada ya ibada, mbele ya wote.

"Utawaambia nini?" nilimuuliza.

"Acha, Neema. Jumapili wataona."

Hakuniambia wataona nini. Nilidhani anangoja miujiza, na nilimchukia kidogo kwa upole wake. Mimi sikutaka kungoja. Nilitaka Mama Divine aokote makopo barabarani, avue kitambaa chake cha kanisani na kukivaa mguuni, watoto wamzomee mpaka mtaa wa Bertrams. Nililala na picha hiyo na kuamka nayo, na ilinipendeza.

Ijumaa, mwalimu wetu alitupeleka kuutazama mfereji uleule. Tulishuka kilima wawili wawili. Ulikuwa umejengwa enzi za wakoloni, mawe yamechongwa kwa mkono na kupangwa bila mwanya, na pale bonde lilipokatiza ulivuka juu ya matao matatu. Kwenye kibao liliandikwa jina la mhandisi. Mwalimu alisema waliochonga mawe walikuwa wengi, ila majina yao hakuna aliyeyaandika. Msichana niliyeshikana naye mkono alininong'oneza kwamba bibi yake aliwahi kumwona nyoka wa maji humo ndani. Wenzangu wakaanza kuchora matao. Mimi nikasema nabanwa na mkojo, nikazunguka nyuma ya ukuta.

Furushi lilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Fundo lilinishinda, nikaukata uzi kwa meno. Ndani mlikuwa na kitonge cha nywele nyeusi chenye mvi tatu au nne, na zile mvi zilinishtua, maana sikuwahi kufikiri Mama Divine anazeeka. Nikainama. Maji yalikuwa membamba, ya rangi ya chai, yakisukuma pakiti za chips. Nikasema jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo, nikazitia. Kitonge kikanasa kwenye jiwe. Nikatafuta kijiti, nikakisukuma mpaka kikaondoka, kikapita chini ya tao na kupotea. Nilifurahi, sitadanganya. Nilirudi nikachora matao yangu, na mwalimu akayasifu.

Jumapili, viti vilipangwa kwa mduara. Mama alikuja na mkoba wake mkubwa, amevaa kitenge chake cha sikukuu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitembea kichwa juu. Akatoa kopo la sukari na kuliweka mezani.

"Mama Divine," alisema, "ile siku ulifunga nywele yako na mukono yako. Fundo ni yako, unalijua. Utaiangalia mbele ya wote. Kama mutu aliifungua, munifukuze."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anangoja. Mama akafungua kopo, akatia mkono, akapapasa humo kwa muda mrefu kuliko kopo lilivyohitaji. Kisha akainua macho, na hakumtazama Mama Divine wala mchungaji. Alinitazama mimi. Uso wangu ulimwambia kila kitu.

"Munaona?" Mama Divine alipiga makofi. "Si niliwaambia? Imeenda wapi? Mumuulize na ule mutoto, hawa wanafundishaka watoto!"

Watu wakageuka kunitazama. Lazima nieleze, kwa asiyetoka kwetu. Mtu mzima akiitwa mchawi hupoteza marafiki. Mtoto akiitwa mchawi hufungiwa aombewe, hunyimwa chakula siku kadhaa, na wapo waliotupwa nje na ndugu zao wenyewe. Mama aliyajua hayo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Nilizitupa mimi," Mama alisema. "Kwenye maji. Mutoto hajui kitu."

Akafunga kopo, akanishika mkono, tukatoka. Njiani hakunipiga wala hakunigombeza. Tulipofika kwenye ngazi zetu aliniuliza tu kama nilikula. Hakusuka tena kichwa cha mtu yeyote wa kanisa lile. Alipata kazi ya kusafisha ofisi Randburg, akaondoka alfajiri kila siku, na vidole vyake vikakakamaa kwa dawa za sakafu. Uongo wa Mama Divine nilikuwa nimeufanya kweli kwa mikono yangu, na aliyeulipia ni mama yangu. Mama Divine mwenyewe hakupata wazimu. Alinenepa.

Sasa mimi nasuka, kwenye saluni ya watu Newtown. Mwaka jana aliingia mwanamke mzee, akaketi kwenye kiti changu bila kunitambua. Mimi nilimtambua kabla hajavua kitambaa: Mama Divine. Nilisuka nusu ya kichwa, polepole, vizuri. Kisha nikamwambia, "Mimi ni Neema, wa Mama Neema wa Troyeville."

Alikauka. Angeweza kwenda wapi na nusu kichwa? Nikaendelea kusuka. Nilimwambia pia ni nani aliyezitia nywele zake mferejini, na kwa nini, na jinsi kitonge kilivyonasa nikakisukuma kwa kijiti. Nilipomaliza nilifunga nywele kwenye gazeti, nikampa uzi. Alilipiga fundo mara tatu ndipo likashika. "Chukua kichwa chako," nikamwambia.

Alisimama, kisha akaitazama sakafu. Akapiga magoti na gauni lake zuri, akaanza kutafuta, unywele mmoja mmoja, chini ya kiti, chini ya meza, hata za wateja wengine, kwa vidole. Ufagio ulikuwa mkononi mwangu. Sikumpa.

Jioni nilimsimulia Mama kwa simu. Nilitarajia acheke, au angalau ashushe pumzi.

"Ungemupa ufagio, mwanangu."

Najua. Pale magotini, mvi zake zote nje, alikuwa mwanamke mwoga tu, kama alivyokuwa siku makaratasi yalipokataliwa. Mama angemsaidia kuokota. Mimi nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza, na nikikumbuka vidole vya mama yangu asubuhi za baridi, najua ningesimama tena.