Isale Mlangoni pa Studio

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyopanda mlima na tawi la isale mkononi na aibu usoni. Nakuita mwanangu ingawa sina hata mvi moja. Umekuja kwetu kujifunza utangazaji, na aliyetangulia kujikwaa ana haki ya kukuonyesha jiwe.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeajiriwa na redio yetu hii ndogo ya Moshi. Nilihoji kila kitu: mchungaji, diwani, hata utabiri wa mvua. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilihoji wote nikajisahau mwenyewe.

Mzee Anaeli, msimamizi wa mfongo, yaani mfereji unaonywesha migomba ya kijijini kwetu, alinisimulia jinsi mkubwa mmoja alivyogeuza maji kuyapeleka kwenye ujenzi wake. Migomba ilikuwa inanyauka. Nikamrekodi, nikamwahidi habari ingesomwa Ijumaa asubuhi.

Wiki hiyohiyo ikatoka rasimu ya kanuni: kila redio binafsi ipeleke habari zake kwa ofisa wa serikali zipigwe muhuri kabla ya kusomwa. Rasimu tu, wananchi walikuwa bado wanaitwa kutoa maoni. Mimi nikaitii kama sheria. Hakuna aliyenikataza. Niliiondoa habari ya mfongo kwa mkono wangu, na Ijumaa nikasoma matokeo ya mpira.

Jumapili nikaenda kuomba radhi, na kwetu radhi huombwa kwa isale.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kumbe redio nayo inapanda mlima! Ijumaa kijiji kizima kimejaa hapa uani, chai inapoa, tunaambiwa nani kafunga bao.” Akalipokea tawi, maana isale haikataliwi. “Nani alikuzuia?”

“Hakuna, mzee. Kuna rasimu…”

“Rasimu! Ng'ombe hajaletwa, wewe umeshamkatia majani?”

Akanipeleka kwenye mfongo, akainama, akatoa jani la mgomba lililonasa. “Huu hauzibwi na mwamba, kijana. Kila mtu anaacha jani lake, anasema ni moja tu.” Kisha akanirudishia tawi. “Mimi nimekusamehe. Sasa lipeleke kwa waliokaa kukusikiliza.”

Jumatatu niliomba radhi hewani, nikaisoma habari yote. Haikupita wiki, maji yakarudi.

Siku ya maoni, ukumbini Bomang'ombe, nilisimama mbele ya maofisa. “Rasimu yenu haijapita,” nikasema, “na imeshaninyamazisha mara moja. Ikipita itakuwaje?” Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mzee Anaeli, ndani ya koti lake la kanisani, na nyuma yake watu wa mfongo, safu nne nzima. Sijawahi kujivunia kuzaliwa mlimani kama siku ile.

Kifungu cha muhuri kimerudishwa kuandikwa upya. Huenda kikaja tena kimevaa kofia nyingine, ndiyo maana nakuambia haya. Isale unayoipita kila siku mlangoni pa studio ni tawi lile lile, nililipanda, likashika.

Basi, mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na nchi nayo ni vivyo hivyo. Hoji wakubwa, lakini anza na woga wako. Kanuni mbaya ipinge ingali karatasi, kwa jina lako, mbele ya watu. Usiifanyie kazi yake kabla haijazaliwa. Na ukikosea, rudi kwa uliowakosea.

Mungu akujalie sauti isiyokauka, na wasikilizaji wasiokuacha upumzike. Sasa ingia, habari za saa moja zinakungoja.