Pipa la Darajani

Nimezunguka vijiji vya kaskazini mwa Uingereza bila kutoka Johannesburg. Najua kilabu kimoja kilicho juu kabisa ya kilima, ambako kondoo hujibanza ukutani mvua ikinyesha. Najua kingine kwenye mji wa viwanda vya pamba, chenye vyumba vinne vidogo, na mzee akifa hakuna anayekalia kiti chake mpaka mwaka uishe. Na kile cha darajani nakijua kuliko vyote. Nilivitembelea nikiwa nasugua glasi, tangu 2017 mpaka 2019, kwenye baa moja ya mtaa wa Bertrams, nikimsikiliza Mzee.

Mzee ndiye alikuwa mwenye baa. Alizaliwa huko kaskazini kwao, akaja Afrika Kusini kijana kufanya kazi ya mitambo, akazeekea hapa. Baa yake aliijenga kufuata zile za kwao: dari ya chini, mabenchi ya mbao, jiko la kuotea moto, na televisheni hakuna. Siku za mechi watu walikuwa wanaingia wakitoka uwanjani na jezi zao, wanatazama kuta zote nne, wanauliza, "Eish, skrini iko wapi?" Mzee anajibu, "Hapa tunatazamana sisi kwa sisi." Nusu wanatoka. Waliobaki, karibu wote walikuwa wanarudi siku nyingine.

Mimi ni wa Lubumbashi. Nilifikia kwa shangazi yangu, msusi wa mtaa wa Yeoville, nikiwa na miaka kumi na tisa na masomo niliyoyaacha katikati. Kusuka kulinishinda. Nilikuwa naota ndoto nimeshika pasi ya nywele ya moto, ndiyo sababu nina kovu kwenye kidole cha shahada mpaka leo. Shangazi akasema, "Weye nenda ukaote mahali pengine."

Siku yangu ya kwanza pale Mzee aliniambia, "Mpenzi, niletee ndoo." Nikaganda. Nikakimbilia jikoni kwa mama mpishi, Mtanzania wa Morogoro aliyeolewa na Msauzi mmoja aliyekuwa mkimbizi huko kwao zamani za ubaguzi.

"Mama, miye narudia kwetu. Huyu muzee ananitongoza mbele ya watu."

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. "Mwanangu, kwao ndivyo wanavyosema! Hata fundi bomba anamwita mpenzi. Subiri uone."

Kweli, mchana fundi bomba akaja, mwanaume wa mabega mapana. Akaitwa mpenzi, akaitika.

Bia ya Mzee haikuwa kama bia za watu wengine. Ilikuwa hai. Ililetwa na mpishi wa bia mmoja aliyekuwa na karakana ndogo jirani, ikiwa kwenye pipa na chachu yake ndani, ikiendelea kufanya kazi yake. Ukilileta pipa, unalilaza kwenye kitanda chake cha mbao kwenye chumba cha chini, unachomeka kijiti juu ili lipumue, halafu unaliacha. Chachu inashuka taratibu, inatulia chini kama mashapo ya mto. Siku mbili, wakati mwingine zaidi. Ikishatulia, unavuta bia kwa mkono wa pampu, haihitaji umeme wala gesi. Lakini ukilitikisa pipa kabla ya wakati, mashapo yote yanapanda, bia inakuwa kama maji ya ugali, na ladha inapotea.

Mimi sinywi. Naimba kwaya, na nilimwapia mama yangu. Nilipomwambia Mzee akasema, "Sihitaji ulimi wako. Nahitaji masikio na macho." Akanifundisha kuweka sikio karibu na kijiti na kusikia pipa linavyonong'ona, kisha linavyonyamaza. Akanifundisha kuinua glasi dirishani na kuweka kidole nyuma yake. Ukiona mistari ya kidole chako, bia iko tayari.

Sasa kile cha darajani. Ujanani Mzee na rafiki yake mmoja walikuwa wanatembea kila Jumamosi, kwa basi na kwa miguu, kutoka kilabu mpaka kilabu. Jumamosi moja theluji ikawafungia siku mbili kwenye kilabu kilichokuwa kando ya daraja la mawe. Mwenye nyumba, mama mjane, aliwapa viazi na bia ambayo alikuwa anaipika mwenyewe nyuma ya nyumba. Alikuwa na mbwa mzee aliyelala mlangoni, amejilaza kizingiti kizima, na ilikuwa marufuku kumsumbua. Kila mtu aliinua mguu akamruka, hata padri. Mama yule alifariki, nyumba ikauzwa, bia ile haikupikwa tena.

Mwaka mzima Mzee alikuwa anaitafuta ladha hiyo na mpishi wake wa bia. Pipa kwa pipa: hapana, hapana, karibu, hapana. Mwisho, mwanzoni mwa 2019, alikunywa akakaa chini. Akaniambia, "Nadhani ndiyo hii. Lakini ulimi wangu umezeeka, labda unanidanganya kwa sababu nataka sana." Duniani walibaki watu wawili waliowahi kuinywa, yeye na yule rafiki. Na rafiki alikuwa anakuja Johannesburg mwezi wa tatu, siku mbili tu, halafu anapanda ndege kwenda kwa binti yake Durban, na kwa umri wao hakuna aliyesema mambo ya mara nyingine.

"Sitamwambia ni bia gani," Mzee alisema. "Akiijua mwenyewe, nitaamini. Asipoijua, basi ilikufa na yule mama."

Pipa lililazwa Alhamisi asubuhi. Jioni Mzee akanipa ufunguo wa chumba cha chini, kwa mara ya kwanza, maana Ijumaa yote angekuwa uwanja wa ndege na rafiki yake. "Usiliguse. Na joto lisiliingie. Joto ni adui." Niliufunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge kama pesa ya sadaka.

Ijumaa saa nne asubuhi umeme ukakatika, ule mgao tuliouzoea. Mashine ya ubaridi ikazima. Nikashuka. Chumba kina kidirisha kimoja juu, na jua lilikuwa limeingia hapo likalalia ubavu wa pipa. Nikaweka kiganja: vuguvugu. Nikaloweka magunia, nikalifunika. Jua likazidi. Nikasimama pale nalitazama, na moyo wangu ukaanza kulionea huruma kama mtoto aliyesahauliwa juani. Wangu ni moyo wa namna hiyo. Nikajiambia, kivuli kiko hatua mbili tu. Nikashika kitanda cha mbao kwa mikono miwili, nikavuta taratibu, nikivuta huku naimba.

Mguu mmoja wa kitanda ukakwama kwenye mwanya wa sakafu, kisha ukaachia ghafla. Pipa likaruka, likatua. Ndani nikasikia kitu kikizunguka, shwaaa, na kijiti kikaanza kupiga mluzi.

Nilikaa chini. Sikulia. Nilihesabu: siku mbili kuanzia sasa, Ijumaa saa nne, ni Jumapili. Mzee alishamwambia rafiki yake aje kunywa Jumamosi saa sita.

Mama mpishi alipoona uso wangu akafunga bomba la maji. Nikamweleza yote. Akafikiri, akasema, "Nyamaza. Mwambie Mungu, usimwambie Mzungu."

"Lakini mama, ataona."

"Labda itatulia. Nyie Wakongo si mnajua kuomba kwa sauti? Basi nenda ukaombe."

Niliomba. Niliomba Ijumaa yote kila nikishuka kusikiliza, na pipa lilikuwa linanong'ona tu, halinyamazi. Mzee alipiga simu jioni kuuliza mambo. Nilisema, "Iko salama, Mzee." Neno hilo lilibaki mdomoni kama mfupa wa samaki.

Jumamosi walifika kabla ya wakati. Rafiki alikuwa mrefu, mwembamba, ameshika kiwiko cha Mzee. Hapo ndipo nilipojua kwamba macho yake yamefifia. Aliona mwanga na vivuli, basi. Mzee alimkalisha kwenye benchi la dirishani, akanigeukia na uso wa mtoto siku ya Krismasi. "Mpenzi, mvutie glasi yake."

Nilivuta. Mkono wa pampu ulikuwa mzito kama napandisha ndoo kisimani. Nilisogeza kidole nyuma ya glasi, sikukiona. Sikuona hata kivuli chake. Nikaibeba hivyo hivyo, nikaiweka mezani.

Mzee aliitazama. Nilimwona akiitazama. Rangi ilimtoka usoni kuanzia paji mpaka shingo.

"Haya," rafiki akasema, akipapasa meza. "Ikoje? Inang'aa?"

Mzee alinitazama mimi, akaitazama glasi, akamtazama mtu yule aliyekuja kutoka mbali. "Inang'aa," akasema.

"Umejibu taratibu sana, wewe," rafiki akasema, akacheka, akaipata glasi, akaanza kuinua.

Sijui nani alinipa mkono ule. Niliweka kiganja changu juu ya mdomo wa glasi. Pua yake ikagonga vidole vyangu. Jikoni mama mpishi, aliyekuwa anachungulia, akasema "Yesu!" kwa sauti.

"Msinywe, baba," nikasema. "Haing'ai. Nililivuta pipa jana saa nne. Mzee aliniambia nisiliguse, nikaligusa. Jua lilikuwa linalichoma. Mkinywa sasa mtakunywa matope, na mtaondoka na matope mdomoni."

Rafiki alishusha glasi polepole. "Kwetu," akasema, "mtu akigusa pipa alikuwa anazoa majivu ya jiko mwezi mzima."

"Nazoa kila siku," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Mzee hakucheka. Alinyoosha mkono, kiganja juu. Nikafungua ncha ya kitenge nikampa ufunguo. Alisubiri mpaka fundo likafunguka, hakunisaidia.

"Inataka mpaka lini?" rafiki akamwuliza.

"Kesho mchana. Labda. Na wewe lazima uondoke hapa saa tisa."

"Basi nitakuja kesho mchana."

"Na isipotulia?"

"Nitakuwa nimekaa na wewe mara mbili," rafiki akasema. "Sasa nipe chai."

Jumapili kwaya iliimba bila mimi. Baa ilikuwa imefungwa, mapazia nusu, sisi wanne tu. Umeme ulikuwepo, mashine ilinguruma chini, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kushuka isipokuwa Mzee mwenyewe. Saa sita alipanda na glasi ndogo, akanipa. Niliiinua dirishani. "Bado." Saa saba: "Bado, ila naona kivuli." Rafiki alikuwa anahadithia kilabu cha juu ya kilima, na mimi nikamsahihisha kwamba kondoo hukaa ukuta wa mashariki, maana upepo unatoka magharibi. Akageuza uso wake upande wangu. "Ulikwenda lini?"

"Huwa naenda kila siku, nikisugua glasi."

Saa nane: kivuli cha kidole. Saa nane na nusu begi la rafiki lilikuwa mlangoni. Mzee alishuka mara ya mwisho. Nilihesabu ngazi akipanda, kumi na moja. Akanipa.

Niliinua. Dirisha, glasi, kidole. Niliona mistari. Niliona kovu la pasi, hata ile ncha yake iliyojikunja.

"Naona kovu langu," nikasema.

Mzee alivuta glasi kubwa mwenyewe. Rafiki aliishika kwa mikono miwili, akainusa, akanywa. Akanywa tena. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na kitambaa mkononi, anafuta mahali pamoja tu.

"Nzuri," rafiki akasema.

"Nzuri?"

"Nzuri, ndiyo."

Basi. Akaendelea kunywa polepole, ameinamisha kichwa, mpaka ikaisha. Mzee alikunja kitambaa mara nne. Nilitaka kupiga kelele, nimwulize, baba, huikumbuki, kweli huikumbuki? Lakini mama mpishi alinishika gauni kwa nyuma.

Saa tisa. Mzee alichukua begi, akampa kiwiko. Walikwenda mpaka mlangoni, mimi nyuma yao na fimbo yake. Mlango wetu hauna kizingiti, Mzee aliuweka hivyo kwa ajili ya watu wenye magongo. Rafiki alisimama hapo. Kisha akainua mguu wake juu, juu sana, kama mtu anayevuka kitu kilicholala, akauweka chini upande wa pili kwa uangalifu.

"Hakuna kitu hapo," Mzee akasema. "Ni sakafu tupu."

"Najua," rafiki akasema, akaukusanya mguu wa pili, akauinua vile vile. "Lakini sitaki kumkanyaga mbwa."

Mzee aliliachia begi likaanguka. Alishika mwimo wa mlango, na alikaa ameushika muda mrefu, huku ndege inasubiri.