Nilivyoinyoosha filamu ya sumaku ya binti yangu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni mzee wa Form Four tu, hapa Kombani. Haya yamenitokea mwenyewe, na chumvi sikutia.

Nimepiga pasi hoteli moja Diani hadi nikastaafu. Nikiona kunjo, mkono unakwenda wenyewe.

Binti yangu Mwanasha anasoma fizikia chuo kikuu, mambo ya spintronics. Alivyonieleza, kila elektroni, mbali na chaji yake, ni kama kisumaku kidogo, na wao wanakitumia kuhifadhi data. Filamu yenyewe ni chuma chembamba kupita kiasi, kimepakwa juu ya plastiki. Ukiivuta au ukiipinda, sumaku iliyomo inaweza kugeuka upande, na umeme unaopita nao ukabadilika.

Likizo alikuja na kipande kimoja, amekibandika kwa tepu juu ya bomba. Alitaka kikae kimepinda hadi arudi maabara, akipime aone mpindo wa muda mrefu unakifanya nini. Akaliweka bomba kabatini, akaenda Msambweni kumwona shangazi yake.

Mimi nikaona plastiki imejikunja. Nikaibandua, nikainyoosha kwa kiganja, nikaikalishia pasi. Ya baridi, jamani, akili kidogo ninayo.

Aliporudi nikamwonyesha kwa fahari.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Baba, huo mpindo ndio uliokuwa kazi."

"Si tutaipinda tena?"

"Sitajua kipi kimefanywa na bomba, na kipi na mkono wako."

Mama yake akadakia, "Babako huyu, hata mkia wa mbwa angeutia pasi."

Mwanasha akacheka, lakini macho hayakucheka. Msimamizi wake anangoja matokeo, na sasa aanze upya. Nikamwomba radhi.

Ule unyamavu ndio ulioniuma. Niliujua. Alipomaliza shule nilimvuta sana awe nesi, akaninyamazia vivyo hivyo. Sikuuliza yeye anataka nini.

Juzi kaja na kipande kipya, juu ya bomba lile lile. Nilidhani atanificha. Akaniwekea mkononi: "Baba, nitunzie wewe."

Kipo kabatini. Nakipita kila asubuhi, mikono nyuma.

Wakuu, si kila kilichopinda kimeharibika. Uliza kwanza. Nanyi mliowahi kumharibia mtoto kitu kwa mapenzi, semeni hapa, nisiwe peke yangu.