Ubao Mweupe Niliopaka Wekundu

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na nilipokuona ukikoroga hiyo rangi ya veranda ya mama yako imenirudia yote. Weka kopo chini kwanza, unisikilize.

Nilikuwa kijana, vita vya Wazungu vimekwisha karibuni, nikifanya kazi kwa fundi Salimu, Mwislamu wa pale mjini Kisii. Tulijenga daraja la miguu mtoni, chini ya soko la Keumbu, nami nikaachiwa kishikio, ule ubao mrefu wanaoushika watu wakivuka. Ulikuwa wa mtarakwa. Mti huo moyo wake ni mwekundu, mgumu, mchwa huukimbia; lakini sehemu ya nje ni nyeupe, na wadudu huila.

"Peupe pote pachonge utupe," fundi aliniambia. "Ubao ukibaki mwembamba, njoo mjini nikupe mwingine."

Mimi nikaona taabu kupanda mlima wa kwenda mjini, kisha kurudi na ubao begani. Na kwenye rangi, ah, nilijiona bingwa! Nikachemsha magome ya muati, ule mti ambao magome yake hutoa maji mekundu, nikatia udongo mwekundu. Ikakolea mno. Nikaizimua kwa maji, nikaongeza udongo kidogo, nikapaka kipande na kukianika juani, maana rangi ikiwa mbichi hudanganya, ikikauka hupauka. Mara ya tatu ikaoana kabisa na moyo wa mti. Nikapaka pale peupe mara mbili, nikamalizia na mafuta. Fundi alipokuja kukagua alipitisha mkono, akasema kazi nzuri. Nilifurahi, mjinga mimi.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Wa tatu mto ulifura, na Moraa, mke wa jirani yetu Nyangau, alikuwa akivuka kutoka sokoni na kikapu cha wimbi. Akateleza, akashika kishikio. Kikakatika palepale nilipopaka. Tulimpata kesho yake, mbali sana, amenaswa kwenye mizizi.

Nilikwenda kuutazama ubao uliobaki. Ndani unga mtupu, nje rangi bado imeshika! Fundi Salimu aliugeuza mikononi.

"Mimi niliiamini rangi yako," akasema, "na yule mama vilevile."

Laiti angenipiga.

Nilikwenda kwa Nyangau kumwambia kwa kinywa changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, watoto wake watatu wamesimama nyuma yake.

"Tengeneza kingine," akasema. "Lakini usikipake kitu. Nikivuka na hawa nataka niione mbao."

Nilikitengeneza. Kila alipovuka alikikagua kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mimi nikimwona.

Basi mwanangu, sikukatazi rangi. Mbao ya nje isipopakwa, jua na mvua huimaliza. Jaribu kwanza kwenye kipande, anika, zimua, ongeza, hata siku nzima ikipita. Lakini kabla ya yote chukua kisu uchokonoe kila palipo hafifu. Palipo laini patoe. Usipatafutie rangi ya kupafananisha. Mama yako ataegemea mbao hiyo.

Mungu akubarikie mikono hiyo, akupe uvumilivu wa kupanda mlima na ubao mwingine, na asikufikishe kamwe kwenye mlango niliobisha mimi.